Namba ya Mzee Themanini na Nne

Baba mkwe wangu alikuwa na namba yake, na namba hiyo ilikuwa themanini na nne. Watu wengine hujulikana kwa mashamba, wengine kwa watoto waliosoma. Yeye alijulikana kwa asilimia. Kwa miaka sita alitunza uwanja wa paneli za jua nyuma ya kituo cha kupoza maziwa, paneli mia nne na themanini zilizosimamishwa ardhini juu ya vyuma, na mwezi baada ya mwezi ripoti ilitoka na themanini na nne. Watu wa ushirika wakaanza kumwita Mzee Themanini na Nne. Mwishowe hata wanangu wakawa wanamwita Babu Themanini, na yeye aliitika kwa sauti ya mtu anayetajiwa cheo.

Namba yenyewe si ngumu kuielewa. Katikati ya uwanja kuna mlingoti mfupi, na juu yake kuna kidude cha ukubwa wa kiberiti chenye kioo usoni. Hicho ni kipima jua. Kinasema jua lililopiga pale leo ni kiasi gani. Mita ya nyumba ya mitambo nayo inasema umeme uliotoka ni kiasi gani. Kompyuta ya meneja inalinganisha viwili hivyo na kutoa asilimia. Jua likiwa jingi na umeme ukawa haba, mtunzaji wa uwanja ana maelezo ya kutoa.

Goti la Baba lilipogoma kabisa, kazi nikapewa mimi. Nilikuwa fundi umeme wa chumba cha mashine za kupoza, kazi ya kushinda kwenye baridi bila kuona mchana, na sikuwahi kutaka kitu kama nilivyoutaka uwanja ule. Baba alinitembeza siku mbili, akanionyesha kila fyuzi na kila nati. Siku yangu ya kwanza nikiwa peke yangu nilifyeka, nikaosha, nikapangusa kila kilichopangusika. Nilirudi nyumbani mgongo haunyooki, na roho kwatu.

Ripoti ya mwezi wangu wa kwanza ikatoka: sabini na moja.

"Labda kompyuta imekosea," nilimwambia meneja. Meneja wetu ni mtu wa kalamu tatu mfukoni, zote zinaandika.

"Kompyuta haina sababu ya kukuonea, dada. Tazama mwenyewe. Jua la mwezi huu ni kali kuliko la mwezi kama huu mwaka jana. Mungu ametuongezea, wewe umetupunguzia."

"Lakini maziwa hayajaharibika hata lita moja. Jenereta haijawashwa."

"Namba ni namba," akasema, kisha akanieleza jinsi mambo yatakavyokuwa. Mwisho wa mwezi wangu wa tatu atakuja mkaguzi wa ushirika. Nikiwa chini ya themanini, uwanja utapewa kampuni ya nje, nami nitafute pengine, maana nafasi yangu ya zamani ilikuwa imeshapata mtu.

Nyumbani nako sikupata pa kupumulia. Baba hakuwa mtu mbaya. Alinipenda tangu siku niliyoletwa, na mume wangu akiwa safarini na lori lake, ni yeye aliyekuwa akinisikiliza. Lakini kila jioni, tukiwa tumekaa na chai, alikuwa na swali lake moja.

"Leo ngapi?"

"Sabini na moja, Baba."

"Mh," anasema, anapuliza chai. Ile "mh" yake ilinichoma kuliko matusi.

Mwezi wangu wa pili niliosha paneli mara mbili kila wiki. Nilikata majani hadi uwanja ukawa na upara. Ripoti ikatoka sabini na moja tena, kama vile sikuwa nimefanya lolote. Nina hasira za karibu, sifichi. Niliipiga ndoo teke, ikaruka, ikampata mlinzi wa lango kwenye muundi.

"Fundi, unaziosha mno," akasema akijisugua. "Zimedeka. Mzee alikuwa anazigombeza."

"Na wewe nikugombeze?"

"Mimi nimeshagombezwa na ndoo, inatosha."

Nikacheka nisitake. Kisha nikajiambia, kulia hakutaniongezea hata nukta, heri nianze kupima waya mmoja mmoja. Paneli zetu zimeungwa ishirini ishirini, kwa hiyo uwanja mzima ni mistari ishirini na minne. Nilifungua masanduku ya nyaya na kuanza na mita yangu ya kubana, ile inayoukamata waya kama koleo na kukwambia kama kuna umeme unaopita. Mstari wa kwanza, mzima. Wa pili, mzima. Wa tisa, sifuri. Nikabana tena, sifuri. Nikaendelea, na wa kumi na saba nao ukanipa sifuri.

Nililala chali chini ya paneli nikaifuata mistari hiyo miwili kwa vidole. Yote miwili ilikuwa na kiungio kilichoungua, plastiki imeyeyuka na kuganda, na buibui wamejenga humo kizazi baada ya kizazi. Haikuwa hitilafu ya juzi. Nilikata, nikafunga viungio vipya, nikabana mita, na ilipoonyesha umeme unapita nilipiga kelele hadi mlinzi akaja mbio na rungu. Wiki ile namba ilipanda hadi sabini na saba.

Nilitembea kurudi nyumbani nikiimba. Nilikuwa nimefika nusu ya njia nilipoacha kuimba, kwa sababu kuna swali lilinijia. Wale buibui walikuwa wa miaka. Kama mistari miwili ilikufa zamani, basi Baba alikuwa akifanya kazi na mistari ishirini na miwili, na mimi sasa nina ishirini na minne. Mtu mwenye pungufu anawezaje kutoa themanini na nne, na mwenye vyote atoe sabini na saba?

Kesho yake nilimwomba meneja anifungulie kumbukumbu za siku moja moja, niione siku yangu ya kwanza. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mistari miwili iliyochorwa, mmoja wa umeme na mwingine wa jua. Wa umeme ulipanda asubuhi taratibu, laini. Wa jua nao ulipanda vizuri, halafu ilipofika saa nne ukaruka juu ghafla kama mtu aliyepanda ngazi, na haukushuka tena. Jua la kweli haliruki hivyo.

Nikatoa daftari langu. Mimi huandika kila ninachofanya na saa yake, tabia niliyotoka nayo chuoni. Siku ya kwanza, saa nne: "Nimepangusa kipima jua. Kina ukoko wa vumbi na kinyesi cha ndege. Nimemalizia kwa kucha."

"Umeona?" nikamwambia meneja, nusura nimshike bega. "Kioo kilikuwa kichafu. Kilikuwa kinaona jua dogo, kwa hiyo asilimia ikawa inatoka kubwa. Sijashusha chochote. Nimekifumbua macho tu."

Meneja hakuwa akitazama mchoro. Alikuwa akitazama kucha zangu.

"Ngoja kwanza. Chombo cha kitaalamu, kilichopimwa huko kilikotengenezwa, wewe ulikikwangua kwa kucha?"

Akachomoa kalamu moja na kuandika. Niliingia ofisini mle na ushahidi wangu, nikatoka na mashtaka.

Jioni hiyo sikungoja niulizwe ngapi. "Baba, kile kipima jua, ulikuwa unakipangusa kila baada ya muda gani?"

Aliweka kikombe chini. "Kupangusa? Kile hakiguswi!"

"Nani alisema?"

"Mafundi waliofunga mitambo. Siku wanaondoka, mkubwa wao alinishika mkono, akaniambia, mzee, paneli zioshe utakavyo, lakini kile kidude usikiguse, ukikigusa kitasema uongo. Nikaandika kibao kwa mkono wangu, USIGUSE. Miaka sita, mwanangu, hata kivuli changu sikukipitisha pale."

Kibao nilikuwa nimekiona, ubao mtupu uliofutwa na jua na mvua, nikakitumia kukalia wakati wa kula. Nilimtazama mzee wangu, amenyooka kitini, fahari imemjaa, nikatamani ninyamaze. Sikunyamaza. Nilimweleza yote: mistari iliyokufa, buibui, ngazi ya saa nne, ukoko. Nilieleza kwa haraka, kama mtu anayebandua plasta.

Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja. "Unasema ile namba haikuwa kweli?"

"Walikwambia usikiguse wakimaanisha usikisogeze, Baba. Wewe ulitii tu."

Alichukua fimbo yake akaenda chumbani, chai yake akaiacha. Kwa siku tatu hakuniuliza ngapi. Sikujua kama jambo linaweza kuuma zaidi ya ile "mh" yake, lakini huo ukimya uliniuma zaidi. Nikaapa jina lake halitatoka kinywani mwangu mbele ya mkaguzi, liwalo na liwe.

Siku ya ukaguzi mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna wingu. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni, viatu vyake vya kutembelea kweli. Alipeana mkono na mlinzi kabla ya kupeana na meneja, nikampenda papo hapo. Tulisimama mlangoni pa nyumba ya mitambo, ambapo kuna skrini ndogo ukutani inayoonyesha asilimia ya dakika hiyo hiyo. Ilikuwa inasoma sabini na saba.

Meneja alisoma karatasi yake. Themanini na nne kwa miaka sita, kisha sabini na moja, kisha sabini na saba, na kipimo kilichokwanguliwa kwa kucha. Nilivumilia hadi nukta ya mwisho, alipomkabidhi mkaguzi karatasi hiyo.

"Mama mkaguzi," nikasema, "naomba nusu kikombe cha maziwa na dakika kumi."

Maziwa yakaletwa kutoka chumba cha kupoza. Nikachota vumbi, nikakoroga kwa kidole mbele yao hadi yakawa uji mchafu. Nilienda kwenye mlingoti nikapaka tone moja pembeni mwa kioo cha kipima jua.

"Themanini!" mlinzi akapaza sauti akiwa kwenye skrini. Hakuna aliyekuwa amemtuma, lakini alikuwa amejipa kazi.

Nikapaka kidogo tena. "Themanini na nne!" Nikapaka zaidi. "Tisini na tano! Fundi, twende!" Nikakipaka kioo karibu nusu nzima.

"Mia moja na tatu!"

Mkaguzi alicheka hadi akavua miwani. "Hongereni," akasema. "Mnatoa umeme kuliko jua lenyewe."

Nilidhani nimeshinda. Meneja akainua kidole, na haki yake nimpe, alichosema kilikuwa na akili. "Hii inaonyesha kwamba uchafu unadanganya. Haionyeshi kwamba zamani kulikuwa na uchafu. Huenda kioo kilikuwa safi, na ulipokikwangua ndipo ulipokiharibu. Tuna neno lako tu na daftari lako. Aliyekiona kabla yako ni mtu mmoja."

Wote tulijua ni nani.

"Huyo simwiti," nikasema.

"Basi ukubali kazi imekushinda."

"Nitakubali hilo kabla ya kumwita." Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na machozi yalikuwa karibu, yote ya hasira.

Ndipo niliposikia fimbo kwenye changarawe. Baba alikuwa anakuja kutoka langoni, taratibu, goti moja limenyooka kama mwiko, amevaa shati lake la harusi za watu. Mlinzi alijitia anatazama skrini. Baadaye nilijua ni yeye aliyemwambia ukaguzi ni saa sita.

"Kilikuwa kichafu," Baba akasema hata kabla hajafika. "Miaka sita sikukigusa. Niliambiwa kisiguswe, nikatii. Ndege walikuwa wanatua pale kila asubuhi, nawaona kwa macho yangu mawili. Nikasema, ndege siwezi kuwakataza, lakini mkono wangu hautafika." Akamgeukia meneja. "Mnaniita Themanini na Nne. Ile namba haikuwa yangu. Ilikuwa ya ndege."

Hakuna aliyecheka. Mzee mwenyewe ndiye aliyetabasamu, kidogo, upande mmoja, na mimi nililia waziwazi sasa, wala sikujipangusa. Nilijua ametoa kitu gani mbele ya watu wale.

Mkaguzi akamwamkia, kisha akanigeukia mimi. "Haya, kisafishe tuone ukweli."

Nikakiosha kioo kwa maji safi na kitambaa laini. Skrini ikarudi pale pale, sabini na saba.

"Namba ya kweli," akasema meneja, bila ubaya. "Lakini bado iko chini ya themanini."

Nilikuwa nafungua kinywa kujibu Baba aliponiwekea mkono begani. Alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea mlangoni mwa nyumba ya mitambo, kama anayemsikiliza mtoto anayekohoa chumba cha pili. "Ile inveta ya katikati," akasema. "Inahema. Unaisikia? Feni yake haivuti."

Mimi sikusikia kitu. Ziko tatu, zinazogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika, na kwangu zote zilinguruma sawasawa. Lakini niliipapasa ya katikati kwa kiganja nikarudisha mkono upesi, ilikuwa ya moto. Inveta ikipata joto hujipunguzia kazi yenyewe isiungue, nilisoma hilo chuoni na kulisahau.

"Izime," akasema. "Fungua wavu wa chini. Mimi goti haliniruhusu, shuka wewe."

Nikapiga magoti, yeye akanielekeza kwa ncha ya fimbo, skrubu hii, sasa ile. Wavu ulipotoka, nyuma yake palikuwa na godoro la vumbi na pumba za chakula cha ng'ombe, maana ghala lake liko ukuta wa pili. Nilitoa mafumba kwa mafumba. Feni ilikuwa inazunguka kwa kujivuta, waya wake mmoja umelegea. Nikaukaza. Meneja, nampa haki yake tena, alikunja mikono ya shati akanishikia tochi.

Nilipoiwasha, ule upepo uliotoka ulipeperusha karatasi ya mashtaka mkononi mwa mkaguzi. Hakuifuata.

Tulitoka nje tukasimama mbele ya skrini, watu watano, shingo tumezinyoosha. Sabini na saba. Sabini na nane. Inveta ilikuwa inapoa, na kila ilivyopoa ilijipa moyo. Sabini na tisa ikakaa mahali pamoja hadi nikauma mdomo.

"Panda, mama, panda," mlinzi akanong'ona.

Themanini. Themanini na moja. Nilimshika Baba mkono, au yeye ndiye aliyenishika. Themanini na tatu, na hapo ikatulia, na jua lilikuwa juu ya vichwa vyetu, na kioo cha kipima jua kilikuwa safi kama jicho la mtoto. Nilipiga kelele ambayo watu wa chumba cha kupoza waliisikia kupitia milango miwili ya chuma. Mlinzi alirusha kofia yake juu ya paneli, ikabidi nimkaripie kwa kuweka kivuli.

Mkaguzi aliandika amesimama, ubao wa karatasi kifuani. Wiki iliyofuata alileta kipima jua kingine akakiweka kando ya chetu, na vyote vikasema neno moja. Lakini siku ile hakungoja. Aliandika "Mtunzaji aendelee," na chini yake akaongeza, bila kuombwa, "Mzee aitwe kila mwezi kusikiliza mitambo."

Jioni tulikaa na chai kama kawaida. Baba akapuliza kikombe chake, akanitazama juu ya mvuke.

"Leo ngapi?"

"Si ulikuwepo, Baba?"

"Nakuuliza wewe, fundi."

"Themanini na tatu."

Hakusema "mh." Alikunywa chai yote, akaomba nyingine.

Sasa anakuja kila mwezi, na wakati mwingine hata hajaitwa. Juzi tulikuta skrini inasoma themanini na sita. Zamani angeita watu waje kuona. Safari hii alikunja uso, akanyoosha mkono bila kunitazama, akasema, "Nipe kitambaa." Alitembea na fimbo yake hadi kwenye mlingoti. Hapo palikuwa na alama nyeupe mbichi ya ndege, katikati ya kioo. Mkono wake ulisita kidogo hewani, mkono uliojizuia miaka sita. Kisha akapangusa, taratibu, pembe zote nne, akarudi mbele ya skrini kusubiri namba yake ishuke.

"Themanini na tatu," akasema kwa sauti, ili hata mlinzi kule langoni asikie.